Xiamen na Quanzhou kwa siku tano: anzeni kule mlikotaka kuchungulia

SWALI: Oktoba nitakuwa Guangzhou kwa maonyesho ya biashara, awamu ya pili, yanayoisha tarehe 27. Safari hii naenda na mama yangu, ana miaka 66. Ndege yetu ya kurudi inaondoka Guangzhou usiku wa tarehe 2 Novemba, kwa hiyo tuna siku tano hivi za kupumzika. Nimeshauriwa tukae Xiamen siku zote, ufukweni, na siku moja tuchungulie Quanzhou turudi jioni. Je, ni mpango mzuri? Sisi ni Waislamu, Kichina hatujui hata neno, na magoti ya mama hayapendi ngazi. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Mpango wako ni mzuri, ila umekaa kichwa chini miguu juu. Anzeni Quanzhou, mlale huko usiku mara tatu, kisha mmalizie Xiamen usiku mara mbili. Asubuhi ya tarehe 2 mpande treni ya kurudi Guangzhou mkiwa mmeshiba usingizi.

Najua aliyekushauri alifikiria nini. Xiamen ina jina, ina fukwe, ina hoteli nyingi zilizozoea wageni, na picha zake ni nzuri. Lakini mtu anayetoka Tanga hapandi ndege saa kumi na kitu ili akaone bahari na minazi. Fukwe za Xiamen ni za kutembea jioni upepo ukipuliza. Zisifie, lakini hazikutoi ufukweni kwenu Raskazone. Quanzhou ni habari nyingine kabisa. Huo ndio mji ambao mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi waliuita Zaituni. Katika enzi za Song na Yuan, yaani tangu karne ya 10 hadi ya 14, ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa kuliko zote duniani. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliufikia miaka ya 1340, akaandika kwamba bandarini aliona merikebu kubwa zipatazo mia moja, na ndogo zisizohesabika. Akaongeza, kwa mshangao wa mtu aliyedanganywa na jina, kwamba mzeituni wenyewe hakuuona. Jina lilitokana na citong, mti wa maua mekundu uliopandwa kuuzunguka mji. Masikio ya wageni yakasikia "zaituni".

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza mahali 22 pa Quanzhou katika orodha ya urithi wa dunia. Msijaribu kupaona pote. Nitawatajia panapowahusu nyinyi wawili.

Siku ya kwanza mtafika mchana mmechoka, kwa hiyo fanyeni jambo moja tu: nendeni mtaa wa Tumen, ulipo msikiti wa Qingjing. Ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, sawa na 1009 au 1010. Lango lake la mawe bado limesimama, refu, lenye tao ndani ya tao. Ukumbi wa zamani wa swala hauna paa tangu tetemeko la ardhi la mwaka 1607, umebaki kuta zenye aya zilizochongwa, na juu ni mbingu. Pembeni pana ukumbi unaotumika kwa swala leo. Maandishi ya Kiarabu kwenye lango yanaeleza kwamba msikiti ulikarabatiwa mwaka 1310 na mtu aliyeitwa Ahmad, mwenye asili ya Shiraz. Sisi wa pwani tukisikia Shiraz tunafikiria Kilwa, Pemba na wazee wanaojiita Washirazi. Sidai kwamba ni ukoo mmoja. Nasema tu kwamba mama akisimama pale hatahitaji mkalimani, maana atayasoma mwenyewe. Na yote haya ni uwanja tambarare, ngazi hakuna za kutisha.

Hapo hapo Tumen, hatua chache kutoka msikitini, kuna hekalu la Guandi linalofuka moshi wa udi kutwa, na si mbali na hapo hekalu la Confucius. Ndivyo ulivyo mji huu, kila dini ina mlango wake mtaani. Hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686, ni la Kibudha, lina minara miwili ya mawe ya karne ya 13, na nyuma ya jengo kuu kuna nguzo mbili zenye michoro ya Kihindu zilizotoka katika hekalu la wafanyabiashara wa Kitamili.

Siku ya pili ni ya makumbusho ya bahari na makaburi ya Lingshan. Kama itaangukia Jumatatu, geuza ratiba, kwa sababu makumbusho mengi ya China hufungwa siku hiyo. Kwenye makumbusho hayo ya bahari ndipo yalipokusanywa mawe ya mashahidi ya makaburi ya Waislamu yaliyookotwa mjini kwa miaka mingi, mengine yakitolewa katika kuta za nyumba ambamo yalikuwa yamejengewa kama matofali. Majina ya marehemu yanabeba miji ya Uajemi na Asia ya Kati, na juu ya majina kuna aya mnazozijua. Mpe mama muda. Mzee mmoja wa Lamu niliyempeleka alikaa mbele ya jiwe moja karibu saa nzima, na tulipomwambia gari linasubiri akajibu, "Na huyu je, amesubiri miaka mingapi?"

Jambo la kutazama pia ni jahazi la Houzhu, lililofukuliwa mwaka 1974 kwenye tope la ghuba ya Quanzhou. Lilizama miaka ya 1270 likitoka kusini na shehena ya mbao za manukato, pilipili manga na ubani. Ukilitazama fumbua macho uone vyumba vya ndani: Wachina waliigawa ngama kwa kuta za mbao, ili sehemu moja ikitoboka chombo kizima kisijae maji. Mabaki yenyewe yanatunzwa katika jumba lililo ndani ya uwanja wa Kaiyuan, siyo kwenye jengo kuu la makumbusho, kwa hiyo yaunganishe na ziara ya hekalu.

Lingshan ni kilima kidogo mashariki ya mji wa kale. Ngazi zipo chache, mama akishika mkono wako atapanda. Kuna makaburi mawili ambayo masimulizi ya wenyeji yanasema ni ya wanafunzi wa Mtume waliofika China karne ya 7. Wanahistoria wengi wana mashaka na tarehe hiyo, ila maandishi ya Kiarabu yaliyo pale ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1320, kwa hiyo heshima ya mahali ni ya kale kwa vyovyote. Nyinyi mtafuteni jiwe dogo zaidi, la Kichina, la mwaka 1417. Linasema kwamba Zheng He, amiri wa merikebu za China, akielekea Hormuz na nchi nyingine, alipita hapa kuomba dua. Ilikuwa safari yake ya tano, ile ambayo misafara yake ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Binafsi naona hakuna mahali pengine China ambapo mtu wa pwani yetu anaweza kusimama na kusema: walioomba hapa waliishia kwetu.

Siku ya tatu msijaze. Asubuhi nendeni daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 kuvuka mdomo wa mto unaojaa na kupwa. Mafundi walipanda chaza juu ya mawe ya msingi, chaza wakakua, wakayagandisha mawe pamoja kama saruji hai. Nendeni maji yakiwa yamekupwa ili mwone chaza wenyewe na akina mama wanaowakwangua. Mchana mnaweza kupitia Xunpu, kijiji cha wavuvi ambacho wanawake wake huvaa shada la maua kuzunguka kisogo, mithili ya kikuba kilichopanda kichwani. Nyumba za zamani zina kuta za makombe makubwa ya chaza, na wenyeji husimulia kwamba makombe hayo yaliletwa kama farumi na merikebu zilizokuwa zinarudi tupu kutoka ng'ambo. Siku hizi kijiji kimejaa wasichana wa mijini wanaolipia kupambwa maua na kupigwa picha. Kama wewe unapenda, jipambe. Mama atapenda maua kuliko daraja, nakuhakikishia.

Kuhusu kaure, maana wewe ni mfanyabiashara: Dehua, wilaya iliyo chini ya Quanzhou, imekuwa ikichoma kaure nyeupe kwa karne nyingi na tanuri zake zimo katika orodha ile ya UNESCO. Ni safari ya milimani, sikushauri kwa siku hizi tano. Lakini umewahi kuona yale makaburi ya Kunduchi yaliyopachikwa sahani za Kichina? Ndiyo biashara hiyo hiyo, upande wa kupokea.

Sasa Xiamen. Panatosha siku moja na nusu. Jambo kuu ni kisiwa cha Gulangyu, kisichofika kilomita za mraba mbili, kilichojaa nyumba za kibalozi na za matajiri waliorudi kutoka ng'ambo, zilizojengwa baada ya Xiamen kufunguliwa kwa wageni kufuatia mkataba wa Nanjing wa 1842. Magari hayaruhusiwi. UNESCO walikiandikisha mwaka 2017. Ni kizuri kweli, ila kina vilima, na hapo ndipo magoti ya mama yatakapolalamika. Achaneni na jiwe la Riguangyan, lile la kupanda juu kabisa. Tembeeni vichochoro vya chini, mkae bustani ya Shuzhuang iliyo ukingoni mwa bahari, na kama mama akichoka kuna vigari vya umeme vya watalii vinavyozunguka ukingo wa kisiwa.

Kivuko ndicho kinachowatoa wageni jasho. Mchana watalii hawapandii pale karibu na barabara ya Zhongshan unapokiona kisiwa mbele yako. Hapo ni pa wakazi. Watalii hupandia gati la meli za abiria huko Dongdu, mwendo wa dakika ishirini majini, nauli ya kawaida yuan 35 kwenda na kurudi. Tiketi zina saa na idadi yake ina kikomo, kwa hiyo kateni siku kadhaa kabla, kwa nambari za pasi zenu, na pasi zenyewe mzibebe. Chagueni siku ya kazi na kivuko cha mapema. Msilale kisiwani, kwa sababu masanduku ya nguo za Guangzhou hayana mbebaji huko isipokuwa mkokoteni.

Chuo Kikuu cha Xiamen, kilichoanzishwa mwaka 1921 na Tan Kah Kee, tajiri wa mpira aliyefanikiwa Singapore, kinasifiwa kwa uzuri. Wageni huingia kwa kujiandikisha mapema. Mkikosa nafasi msisikitike. Afadhali mpande metro laini ya 1 kuelekea Jimei, kwa sababu inatoka kisiwani juu ya maji, dirisha zima ni bahari, na bei yake ni ya metro. Mkisimama ufukweni mtaoneshwa visiwa vya Kinmen. Viko karibu na vinatawaliwa na Taiwan. Msishawishike na tangazo la boti ya kuvuka: huko kunahitaji kibali kingine, na mkitoka China kwa viza ya kuingia mara moja hamrudi. Hong Kong nayo hivyo hivyo. Mfanyabiashara mmoja alivuka Hong Kong kula chakula cha mchana tu, viza yake ikaishia mpakani.

Viza mnahitaji nyote wawili. Yale mambo unayosikia ya kupita China bila viza kwa siku kumi yana orodha ya nchi, na zetu za Afrika Mashariki hazimo. Wewe ukiwa na mwaliko wa maonyesho utaomba viza ya biashara, mama ya utalii. Andika Quanzhou na Xiamen katika ratiba mnayoiwasilisha, pamoja na hoteli. Bebeni na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hata kama hamtaulizwa.

Treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou hadi Xiamen ni takriban mwendo wa saa nne, na zipo zinazoendelea hadi Quanzhou bila kubadilisha. Kutoka Quanzhou hadi Xiamen ni kama nusu saa. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla. Andika majina kama yalivyo kwenye pasi, yote matatu kama ni matatu. Pasi ndiyo tiketi, msiiache hotelini. Na hapa naomba usome taratibu: Guangzhou ina stesheni kubwa kadhaa, Xiamen ina ya kisiwani na ya Kaskazini iliyo bara, Quanzhou nayo ina ya kale kaskazini ya mji, ya Mashariki na ya Kusini. Mimi mwenyewe, pamoja na kujifanya mjuzi, niliwahi kupeleka watu kumi na moja stesheni ya Xiamen Kaskazini wakati tiketi zilisema Xiamen. Tulikosa treni, nikalipa mimi. Chagueni stesheni ya Quanzhou isiyo na neno la ziada, teksi itawafikisha mji wa kale kwa muda usiozidi nusu saa, maana mji huo hauna metro. Ndani ya mji wa kale kuna vibasi vidogo vyeupe vya umeme, mama atavifurahia.

Saa za tiketi ni za kuhesabu hadi 24. Yaani 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Nakuandikia kwa sababu nimeona watu wazima wakiisoma 08:00 kama saa nane.

Pesa: pakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, ukiwa Tanga, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard, uiombe benki iifungulie malipo ya mtandaoni na ya nje. Benki itatuma nambari ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi, kwa hiyo laini yako ya nyumbani isizimwe China. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato ya Alipay kwa kadi za kigeni. Ya juu yake yana makato, asilimia 3. Ndani ya programu hiyo hiyo mtaita teksi, nayo inaonesha Kiingereza. Noti kiasi bebeni, wauzaji hawaruhusiwi kuzikataa, ila chenji itawasumbua.

WhatsApp, Google, YouTube na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kule. Zinafunguka ukitumia laini ya nje inayozurura, iwe ya kwetu au eSIM (laini isiyo na kadi) ya kimataifa. Nunua kabla ya kuondoka. Pakua pia programu ya tafsiri pamoja na Kiswahili na Kichina vya kutumia bila mtandao. Hoteli itawasajili polisi yenyewe. Mkilala kwa mtu binafsi, mnatakiwa kujisajili ndani ya saa 24.

Chakula ndicho nilichokiacha kwa sababu kinahitaji ukweli mchungu. Fujian, jimbo lenye miji hii miwili, ni nchi ya nguruwe. Tambi za shacha za Xiamen zina harufu ya karanga itakayowavuta, na mchuzi wake mara nyingi umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Chaza wa kukaangwa na mayai, fahari ya mji, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kusema "usinitilie nyama" hakusaidii. Tafuteni maandishi 清真, yaani qingzhen, halali. Migahawa ya tambi za Lanzhou, inayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini magharibi, ipo miji yote miwili. Quanzhou inasifika kwa supu ya nyama ya ng'ombe, lakini ng'ombe huyo kwa kawaida hakuchinjwa kihalali. Waulizeni watu wa msikitini Qingjing wanakula wapi, ndiyo ramani bora. Hekalu la Nanputuo, Xiamen, lina mgahawa usiopika nyama kabisa. Na mwisho wa Oktoba ni msimu wa mabalungi, matamu mno, ya kumenya kwenye treni.

Mtakaribishwa chai kila duka, tieguanyin ya Anxi, katika vikombe vidogo kama vya kahawa ya barazani. Isiyo na sukari. Mwambie mama asiombe, au abebe yake kwenye mkoba, wengi hufanya hivyo na hakuna anayekasirika.

Hali ya hewa wakati huo ni nzuri: msimu mkali wa tufani, Julai hadi Septemba, umepita, na wiki ya sikukuu ya mwanzoni mwa Oktoba, ambayo China nzima huwa barabarani, imekwisha. Jioni chukueni sweta jepesi. Soketi zao si za pini tatu nene kama zetu, nunueni kiunganishi.

Ukishapata tarehe za viza niandikie, pamoja na majina ya stesheni utakazochagua. Hayo nataka kuyaona kabla hujalipia hoteli.